Kiti cha ngozi kwa mwendesha baisikeli wa Mombasa: kinunuliwe au kiachwe?

Swali. Msomaji mmoja, mwalimu anayeishi Bamburi na kufundisha Ganjoni, anaeleza kwamba huenda kazini kwa baisikeli kila siku ya shule, takriban kilomita 12 kwenda na 12 kurudi, akipitia Daraja la Nyali, na baadhi ya Jumamosi hufika Vipingo au hata Kilifi. Kiti chake cha sasa ni kipana, laini, chenye jeli ndani, na usukani uko karibu usawa nacho, lakini akizidisha saa moja barabarani makalio huanza kuuma na mara nyingine hupata ganzi. Binamu yake anayekuja kutoka Uingereza mwezi Desemba yuko tayari kumletea kiti kipya cha ngozi, Brooks B17. Wakati huohuo amekiona kingine cha aina hiyo, kilichotumika, kwa muuzaji wa baisikeli za mitumba mjini kwa shilingi 4,500. Anauliza kama kiti cha ngozi kinastahili fedha hizo, ngozi yenyewe ni ya mnyama gani, na kama kitastahimili joto, mvua na chumvi ya Mombasa. Anataja pia kwamba kijana wake huichukua baisikeli hiyohiyo mwishoni mwa juma.

Jibu. Mwalimu, nitakupa uamuzi wangu kwanza, kisha nieleze. Kwa masafa unayokwenda, kiti cha ngozi kinakufaa na kinastahili bei yake, ila kwa masharti mawili: kiwe chako peke yako, na baisikeli iwe na mahali pakavu pa kulala na penye kivuli pa kushinda. Wengi wanaoniuliza jambo hili hutaka kujua tu kama ngozi ni laini au ni ngumu, na hawajiulizi baisikeli inashinda wapi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni. Katika mji kama huu wetu, mahali pa kushinda ndipo panapoamua kama fedha zimekwenda kwa faida au kwa hasara.

Kiti cha namna hii hakina sifongo wala jeli. Ni kipande kimoja cha ngozi nene ya ng'ombe, unene wake karibu milimita 5, kilichopigiliwa ribiti kwenye fremu ya chuma mbele na nyuma, na katikati hakikushikiliwa na kitu chochote. Kimewambwa kama kitanda cha kamba: mwenye kukilalia ndiye anayekipa umbo, na kikilegea hukazwa. Kampuni ya Brooks ilianzishwa Birmingham mwaka 1866 na John Boultbee Brooks, ikianza na vifaa vya ngozi vya farasi; ilipata hataza yake ya kwanza ya kiti cha baisikeli mwaka 1882, na B17 ni muundo uliotoka kabla ya karne ya kumi na tisa kwisha. Hapa petu viti vya ngozi si vigeni hata kidogo. Zile baisikeli nzito nyeusi tunazoziita Black Mamba, zilizotoka Uingereza na baadaye India na China, nyingi zilikuja na kiti kipana cha ngozi chenye springi mbili nyuma, na wazee waliozitumia kubeba nazi na samaki hawakulalamika juu ya kiti hata walipolalamika juu ya mengine yote.

Ngozi hiyo hudabaghiwa kwa tanini ya mimea, yaani dawa inayotoka kwenye magome ya miti kama muwati, ule unaopandwa huko kwetu bara. Hili ndilo lenye umuhimu kwako, kwa sababu ngozi iliyodabaghiwa kwa magome hubaki ngumu, lakini ikipata joto, jasho na uzito kwa muda mrefu, hukubali umbo na kulishika. Ngozi laini ya viatu na mikoba, ambayo kwa kawaida hudabaghiwa kwa kemikali ya kromu, haina tabia hiyo. Hujikunja na kurudi ilivyokuwa. Ndiyo maana fundi wa viatu hawezi kukuwambia kiti kipya kwa ngozi aliyonayo dukani, hata akiwa hodari namna gani.

Sasa tuangalie maumivu yako, kwa kuwa sipendi mtu anunue dawa kabla ya kujua ugonjwa. Mwili ukiwa juu ya baisikeli hutakiwa kubebwa na mifupa miwili ya chini ya makalio, si na nyama iliyo katikati yake. Kiti cha jeli humpendeza mtu dukani kwa sababu mifupa huzama ndani yake. Lakini mifupa ikishazama, jeli hujaa katikati na kubana sehemu ambazo hazikuumbwa kubeba uzito, zenye mishipa ya damu na ya fahamu. Hapo ndipo ganzi inapotokea, na ndiyo maana kiti laini huwa kizuri kwa dakika kumi na kibaya kwa saa moja. Ganzi usiizoee wala usiivumilie. Mwaka 2008 watafiti wa NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya za wafanyakazi, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa polisi 90 wa doria za baisikeli waliotumia viti visivyo na pua, yaani ile ncha nyembamba ya mbele, kwa miezi 6, na wengi wao waliokuwa wakipata ganzi walipona au walipata nafuu. Nimelitaja hili kwa sababu kiti cha ngozi kina pua, tena ngumu. Kikikupa ganzi hata baada ya kukirekebisha vizuri, usisubiri kwamba ngozi italainika na ganzi itaondoka. Badilisha aina ya kiti, na ikiwa ganzi inaendelea hata ukiwa umeshuka, mwone daktari.

Kabla binamu yako hajatoa hata pauni moja, rekebisha kiti ulicho nacho. Egemea ukuta ukiwa umekaa juu ya baisikeli, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, na mguu unyooke bila nyonga kuinama upande mmoja. Ukihitaji kujinyoosha ili kisigino kifike, kiti kiko juu mno, na kila mzungusho wa pedali unakusugua kulia na kushoto. Vidonda vya mapajani vingi ninavyoelezwa na wateja hutokana na hili, wala havihusiani na aina ya kiti. Kisha weka pima-maji juu ya kiti. Kiti cha sifongo kiwe sawasawa. Pua ikiinama mbele utakuwa unateleza, utajizuia kwa mikono, na viganja vitakufa ganzi. Ikiinuka sana, unajua itakapobana. Endesha hivyo kwa majuma mawili. Ikiwa maumivu yamekwisha, umeokoa fedha zako na hapana haja ya kuendelea na shauri hili.

Yakibaki, pima mifupa yako. Wewe ni mwalimu, chaki haikukosi: chukua kipande cha katoni nene, kipake chaki, kiweke juu ya kibao kigumu kisicho kirefu, ukae juu yake kwa nusu dakika ukiwa umeinama mbele kama unavyoinama kwenye usukani, na visigino vikiwa vimeinuliwa kidogo. Ukiondoka utaona mabonde mawili mahali chaki ilipofutika. Pima kutoka katikati ya bonde moja hadi katikati ya jingine, si kutoka ukingo hadi ukingo. Kanuni ninayoitumia kwa wateja wangu ni kuongeza sentimita 2 kila upande. Mtu mwenye milimita 120 anahitaji kiti cha milimita 160 au zaidi, na B17, ambayo upana wake ni karibu milimita 175, itamchukua vizuri. Tofauti na kiti cha sifongo, hapa kosa la upana halisameheki, kwa sababu ukingo wa nyuma wa kiti cha ngozi ni chuma kilichofunikwa, na mfupa ukiangukia juu ya chuma hicho, hata ukienda kilomita elfu hautalainika.

Namna unavyokaa nayo ina neno. Anayekaa wima kabisa, kama mwendeshaji wa Black Mamba, huweka karibu uzito wote nyuma na anahitaji kiti kipana zaidi chenye springi, mfano wa B67, ambayo hupita milimita 200. Anayeinama sana kama wa mashindano anafaa kiti chembamba. Kwa maelezo yako, usukani wako uko karibu usawa na kiti, na B17 ilitengenezwa kwa ajili ya mkao huo hasa. Uzito wake ni zaidi ya nusu kilo, karibu mara mbili ya viti vingi vya kisasa, lakini kwa mtu anayekwenda kazini na begi la madaftari sioni kwamba hilo ni hoja. Jambo moja dogo la kuangalia ni kwamba reli zake za chini ni fupi, kwa hiyo nafasi ya kukisogeza mbele na nyuma ni ndogo; ikiwa kiti chako cha sasa kimesukumwa nyuma hadi mwisho wa reli, huenda ukahitaji bomba la kiti, lile linaloshikilia kiti kwenye fremu, lenye kichwa kilichorudi nyuma.

Nije kwenye hewa yetu, maana hapa ndipo swali lako lina uzito. Maji yanayoharibu kiti cha ngozi mara nyingi hayatoki juu kama watu wanavyodhani. Upande wa juu umesuguliwa, umepakwa nta, na wewe mwenyewe umeukalia. Upande wa chini ni mbichi, una unyoya unyoya, na hunyonya kila tone. Gurudumu la nyuma lisilo na madigadi huurushia maji na matope ya barabarani moja kwa moja. Kwa hiyo madigadi refu la nyuma linakinga kiti kuliko kifuniko chochote utakachonunua. Kifuniko nacho utakihitaji, hasa mwezi Mei masika yanapokaza na baisikeli imesimama nje ya darasa. Zamani watu walifunga mfuko wa dukani wakamaliza, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na kwa kweli haikuwa mizuri kwa kazi hii. Kofia ya kuogea yenye mpira ukingoni hutosha, au kipande cha turubai kilichoshonwa kwa kipimo. Ukifika nyumbani kivue. Kifuniko kisichopitisha hewa kikiachwa usiku kucha juu ya ngozi yenye unyevu, asubuhi ya tatu au ya nne utakuta koga nyeupe imetanda.

Ikitokea mvua ikakuwahi na ngozi ikaloa hadi ndani, kaa juu yake kwa kadiri unavyolazimika tu, kwa kuwa ngozi iliyoloa hutanuka chini ya uzito na hairudi. Ifute, kisha iache ikauke yenyewe kivulini penye upepo kwa siku mbili au tatu. Usiianike juani, usiisogeze karibu na jiko, na kwa hali yoyote usikaze nati ya kuvutia ngozi, iliyo chini karibu na pua, ngozi ikiwa bado imeloa. Jua la mchana la Mombasa pekee, bila mvua, ni adui wa polepole: hukausha mafuta ya ngozi hadi ukingo unapasuka vimstari vidogo. Kwa siku za kaskazi, kitambaa cheupe cha pamba juu ya kiti ni bora kuliko nailoni.

Chumvi huleta tatizo ambalo waandishi wa nchi za baridi hawalitaji sana. Fremu na reli za kiti cha kawaida ni za chuma, na ribiti za B17 ya kawaida ni za chuma pia. Baisikeli inayopita Daraja la Nyali mara mbili kwa siku na kulala kilomita chache kutoka ufukweni hupata kutu mapema, na kutu ya ribiti haibaki kwenye ribiti. Chembe za chuma zikiingia kwenye ngozi yenye tanini hutoa weusi usiofutika, kwa kemia ileile iliyotumiwa zamani kutengenezea wino, na ngozi iliyozunguka tundu la ribiti hudhoofika mahali palepale ambapo mvutano wote umekusanyika. Nimeona viti ambavyo katikati yake vilikuwa bado vizima na vyenye kung'aa, lakini vilichanika puani kwenye ribiti kwa sababu hii. Kwa hiyo, ikiwa binamu yako ndiye atakayenunua, mwombe atafute B17 yenye ribiti za shaba, ile inayoitwa B17 Special. Bei yake hupanda, na kwa mkazi wa bara ningemwambia hiyo ni pambo tu. Kwa mkazi wa pwani ni fedha iliyokwenda mahali pake. Shaba itageuka kijani kidogo, na hiyo haidhuru kama kutu. Reli na chuma cha chini vipake nta au grisi nyepesi, ukiangalia grisi isiguse ngozi, na kila mwisho wa juma ufute sehemu zote za chuma kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kisha kilichokamuliwa sana.

Kuhusu mafuta ninaomba unisikilize kwa makini, kwa sababu viti vingi hapa mjini vimeuawa na mapenzi ya wenyewe. Mtu hununua kiti, anakikuta kigumu, na anakimbilia mafuta ya nazi, uto wa simsim, au hata mafuta ya injini. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi za Selsiasi, maana yake kwa Mombasa yako majimaji karibu mwaka mzima, na hupenya ngozi hadi upande wa pili. Kiti hulainika kwa juma moja na mwenyewe hufurahi. Baada ya miezi michache ngozi imelegea, imening'inia katikati, mifupa inagusa reli, na koga imepata chakula. Kinachofaa ni dawa nzito yenye nta. Brooks wana yao iitwayo Proofide, mchanganyiko wa shahamu, mafuta na nta ya nyuki. Kiti kipya kipakwe kiasi kidogo juu, na chini mara moja kwa wingi kidogo, kiachwe usiku mzima, kisha kisuguliwe kwa kitambaa kikavu hadi kisiache alama kidoleni. Baada ya hapo mara tatu au nne kwa mwaka zinatosha, hasa kabla ya masika. Rangi ya viatu usiitumie. Itahamia kwenye suruali.

Na hilo la nguo ni la kweli hata bila rangi ya viatu. Kiti kipya cheusi au cha kahawia, kikikutana na jasho, huacha rangi kwenye nguo nyeupe kwa majuma ya kwanza. Ijumaa ukiwa na kanzu, weka kitambaa juu yake, au chagua rangi ya asali, ambayo doa lake ni hafifu.

Sasa kile cha shilingi 4,500. Usikikatae kwa kuwa kimetumika, na usikinunue kwa kuwa kinang'aa. Mwombe muuzaji akitoe kwenye baisikeli ukigeuze juu chini mwangani. Kwanza utajua kama ni ngozi kweli, maana kuna viti vya sifongo vilivyovalishwa ngozi bandia na kupambwa kwa ribiti za uongo zisizoshika kitu: chini yake utaona sahani ya plastiki. Cha kweli chini yake ni wazi, unaona mgongo wa ngozi wenye unyoya, na karibu na pua kuna bolti yenye nati. Iangalie bolti hiyo kwa utulivu, kwa kuwa ndiyo historia ya kiti. Kikiwa bado na umri, nyuzi za bolti zilizotumika ni chache na nati iko karibu na ilipoanzia. Ukikuta nati imekazwa hadi karibu mwisho, ngozi imekwisha kuvutwa kadiri inavyoweza kuvutwa, na hakuna fundi atakayekurudishia. Kisha pitisha kucha kuzunguka kila ribiti, hasa zile za puani na mbili za pembeni nyuma. Tundu lililorefuka likawa kama yai ni mwanzo wa kuchanika. Bonyeza katikati kwa dole gumba: ngozi nzima hubonyea kidogo na kurudi, iliyokufa hubonyea na kubaki, au hutoa sauti ya kukatika. Mwisho kiangalie kutoka nyuma. Mabawa ya pembeni yakiwa yamefunguka na kutoka nje, kiti kimetanuka. Hili lina tiba, kwa kutoboa matundu madogo pande zote mbili na kuyafunga kwa kamba chini ya kiti, lakini bei inatakiwa ishuke. Mabonde ya aliyekitumia kabla yako nayo yapime kwa rula. Yakilingana na yako ya kwenye katoni, umepata bahati, kwa kuwa kazi ya kukizoesha imekwisha kufanywa. Yakiwa yamepishana kwa zaidi ya sentimita moja, utakuwa unakaa kwenye umbo la mtu mwingine kila siku, na hata ukipewa bure sikushauri.

Hapo ndipo linapoingia suala la kijana wako. Kiti cha ngozi kinachotumiwa na watu wawili wenye mifupa na urefu tofauti hakifinyangwi na yeyote. Kila mmoja anavuruga kazi ya mwenzake, na mmoja akishusha kiti bila kurudisha alama, mwingine anaumia juma zima. Usimnyime baisikeli. Hifadhi kiti chako cha jeli pamoja na bomba lake, ili mwishoni mwa juma abadilishe bomba zima kwa kulegeza klipu moja. Hata zile Jumamosi zako za Kilifi hazitagongana na za kwake ikiwa mtapatana mapema. Ukiona nyumbani kwako mpango huo hautashikwa, basi jibu langu la kwanza linabadilika, nami nitakushauri uache ngozi na utafute kiti kigumu kiasi cha sifongo, chenye upana uliopima kwenye katoni na nafasi iliyochongwa katikati.

Kuhusu fedha, B17 mpya Uingereza huuzwa kwa zaidi ya pauni 100, ambazo kwa viwango vya siku hizi ni zaidi ya shilingi 16,000. Ni nyingi. Lakini kiti kinachotunzwa huvuka miaka 10 bila taabu, ilhali viti vya jeli vya bei rahisi nivionavyo hapa huchanika mshono na kufyonza jasho mapema sana. Tofauti haiko kwenye bei tu. Kiti cha bei hiyo huvutia macho ya wezi, kwa hiyo pitisha mnyororo mwembamba kwenye reli zake na kwenye fremu, na shuleni uombe baisikeli ikae ndani ya stoo au chini ya ngazi. Ukijibiwa kwamba haiwezekani, na baisikeli itabaki uani juani na mvuani kila siku, Brooks haohao wanatengeneza Cambium, ambayo juu yake ni kitambaa cha pamba kilichoshikanishwa na mpira. Haihitaji mafuta, haijali mvua, na mwili huizoea mapema, ingawa haitakufuata umbo kama ngozi ifanyavyo. Kwa baisikeli ya kushinda nje Mombasa, ningeichagua hiyo kuliko ngozi, na ningeichagua bila kusita.

Ukishapata chako, kipe muda. Siku za kwanza utahisi umekalia ubao, na maumivu ya mfupa wenyewe katika juma la kwanza ni ya kawaida, tofauti na ganzi niliyoitaja. Watu hutaja kilomita mia chache hadi elfu moja kabla ngozi haijakubali. Kwa kilomita zako 120 za juma la kazi, mia tano zitatimia kwa mwezi mmoja hivi, na joto letu pamoja na jasho husaidia. Usianze na safari ya Kilifi. Inua pua kidogo kuliko ulivyozoea, digrii moja au mbili tu, kwa sababu ngozi hubonyea katikati na kiti kilicho sawasawa kabisa kitakusukuma mbele. Kadiri inavyobonyea, wewe pia unashuka, kwa hiyo baada ya mwezi pima tena kwa kisigino na upandishe bomba milimita chache.

Nati usiiguse katika miezi ya mwanzo, hata fundi akikuambia kiti kipya lazima kikazwe. Ngozi mpya ikikazwa inavuta ribiti za pua kabla haijalainika, na hapo ndipo inapochanika. Siku utakapohisi kwamba unapokaa mwili unazama hadi unakaribia reli, zungusha nati robo mzunguko, endesha juma moja, ndipo uamue kama inahitaji robo nyingine. Kazi hiyo inataka spana bapa ya Brooks yenyewe, kwa kuwa spana ya kawaida haiingii vizuri kwenye nafasi ile nyembamba na huishia kukwangua ngozi. Kwa hiyo, hata ukiamua kuchukua kile cha mjini, mwandikie binamu yako akutilie mzigoni spana hiyo na kopo moja la Proofide.